Kigari Kinachoteleza Kwenye Dashibodi

4 Februari

Mke mwenzangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini shikamoo yako ya mwezi wa kumi na moja niliiweka akiba, leo nimeitoa.

Sisi wazima. Goti langu ndilo lina mambo yake. Mke wa baba yako mdogo ana mimba ya miezi minne na kila harufu inamchefua, hata ya sabuni, kwa hiyo vyombo naosha mimi, na naviosha kwa kelele ili ajue. Shinikizo la damu limempanda. Daktari anataka kumwona kila baada ya wiki mbili mpaka ajifungue. Baba yako mdogo amekonda kama ndiye mwenye mimba.

Nakuandikia kwa sababu simu zako zimenichosha. Nikipiga, hupokei. Ukipokea, mtandao mbaya. Karatasi haina mtandao mbaya, na kalamu ikisita naona iliposita. Herufi zangu hizi alinifundisha baba yako akiwa darasa la pili, alikuwa ananigonga vidole kwa rula. Ukikuta kosa, mlaumu mwalimu.

Sasa neno lenyewe. Gari la baba yako liko uani. Mnyoosha bodi alilirudisha zamani, mlango mpya, kioo kipya, ukilitazama kwa mbali hutasema kuna mtu alifia ndani. Baba yako mdogo anataka kuanza kulitumia kumpeleka mkewe kliniki. Simlaumu. Kliniki iko ng'ambo ya mteremko wa machimbo, na mwanamke mwenye mimba hapandi pikipiki kwenye lile tope.

Lakini kuna taa. Unaikumbuka. Ukiwasha gari inazima kama haina habari. Ukisogea hatua kumi kuelekea getini inawaka, ya rangi ya kiini cha yai, kigari kidogo kina michirizi miwili iliyopinda nyuma yake. Kigari kinateleza. Mjukuu wangu, aliyechora picha ile alimwona mwanangu? Maana ndivyo alivyokwenda, hivyo hivyo, michirizi miwili kwenye tope mpaka kwenye ukingo wa daraja. Nimeiona michirizi ile kwa macho yangu kabla mvua haijaifuta.

Wewe ndiye fundi wa ukoo huu. Niambie taa ile inataka nini. Mvua zinaanza mwezi wa tatu, na mimi sitaki kumwona mwanangu wa pili akishuka mteremko ule na kile kitu kikiwaka.

Dereva wa basi atakuletea hii mkononi. Nimemwambia asiondoke mpaka uisome mbele yake.

Bibi yako


27 Februari

Shikamoo Bibi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Dereva alisimama kweli kama askari, nikasoma mbele yake, akaondoka ameridhika. Kujibu ndiko kumenishinda.

Mimi mzima. Gereji tuna kazi nyingi, bosi ameongeza kibanda cha pili. Siku hizi nafanya zaidi oili na breki. Mpe pole mama mdogo. Mwambie atafune tangawizi, na wewe Bibi osha vyombo kimyakimya.

Kuhusu taa. Ile ni ya mfumo unaozuia gari kuteleza. Kila gurudumu lina kitu kidogo kama jicho, sisi tunakiita sensa, kinachotazama gurudumu linavyozunguka. Macho yote manne yanapeleka habari kwenye kompyuta ya gari. Gurudumu moja likizunguka ovyo au likiganda kwenye utelezi, kompyuta inajua na inalirekebisha. Jicho moja lisipoona, mfumo wote unajizima na taa inawaka kukuambia: mimi sipo, jitegemee. Breki za kawaida zinabaki. Ndiyo maana wengi huendesha tu na taa ikiwaka.

Mwambie Fundi wa hapo mtaani atazame haya. Matairi yote manne yawe saizi moja, tairi moja dogo linaweza kuichanganya kompyuta. Betri iwe nzima. Waya za sensa kila gurudumu zisiwe zimekatika au kuliwa na panya, kwa kuwa gari limekaa sana. Sensa zenyewe azisafishe kwa kitambaa, unga wa chuma hung'ang'ania pale.

Kwa sasa msiliendeshe. Hata mpaka sokoni. Mwambie baba mdogo asiliendeshe kwanza.

Nasikia mvua huko zimekaribia. Msiliendeshe, Bibi.

Mjukuu wako


9 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba, na tangawizi imefanya kazi. Sasa anakula hadi sahani yangu.

Kuku mweupe kahamia kwenye buti la gari, anatagia humo, na baba yako mdogo anasema akilichukua gari atamtoza nauli. Dari la jikoni linavuja palepale. Mzee wa duka ameuliza habari zako. Nikamwambia wewe mzima ila umekuwa mtu wa maneno machache kama risiti.

Fundi amekuja. Huyu ndiye yule tunayemwita Polepole, baba yako alikuwa akisema Polepole akianza kufunga skrubu asubuhi, ikifika jioni ile skrubu ishamzoea. Lakini si mjinga. Matairi tumepima, mimi nilishika uzi upande mmoja yeye upande wa pili. Yote sawa. Betri amepima. Waya amezifuata kwa vidole kutoka gurudumu hadi gurudumu, hakuna panya aliyekula. Macho yako amefuta yote manne kwa kitambaa changu cha vumbi, sasa kitambaa kimekufa. Baba yako mdogo akasogeza gari hadi getini. Hatua kumi. Ikawaka.

Basi Polepole akaenda kuleta mashine yake ya kupimia, akaichomeka chini ya usukani, akasoma, akasoma tena, akavua kofia. Nikamwambia, "Fundi, unavua kofia kama umekutana na maiti, sema." Akasema, "Mama, mashine inasema ni gurudumu la mbele kushoto. Haipati kitu kutoka pale. Jicho limesafishwa, waya mzima, sasa imebaki kufungua gurudumu lenyewe tuone ndani." Akachukua spana.

Nikamzuia. Nikamwambia gurudumu lile halifunguliwi.

Unajua kwa nini. Lile mlilifunga ninyi wawili, wewe na baba yako, pale uani kwangu, wiki tatu kabla ya ajali. Nilikuwa naanika nguo. Nilimwona mwanangu anakupangia spana kwenye gunia kama nesi, anaita watu njiani, "Njooni mmwone daktari wangu wa magari!" Sijamwona amefurahi vile tangu mama yako afariki.

Nimeisoma barua yako mara nne. Mambo umeyaeleza vizuri, hata mimi nisiyekalia dawati nimeelewa. Lakini mara tatu kwenye karatasi moja umesema msiliendeshe, na hukusema kwa nini. Umetaja matairi, betri, panya. Ndani ya gurudumu hukutaja.

Nakuuliza kama ninavyouliza, sina njia ya kuzunguka. Kuna nini ndani ya lile gurudumu?

Bibi yako


16 Machi

Shikamoo Bibi,

Sisi wote huku wazima. Nimempa dereva kifurushi, ndani kuna sensa mpya ya mbele kushoto. Mara nyingi huwa inakufa yenyewe bila kuonekana kwa nje. Fundi aibadilishe, ni boliti moja, hana haja ya kufungua chochote kingine.

Lile swali nitalijibu. Nipe muda kidogo.

Baba mdogo asiliendeshe.

Mjukuu wako


11 Aprili

Mke mwenzangu,

Leo mwaka umetimia. Sikutaka kukuandikia leo, ila mkono umeniwasha.

Mtoto tumboni anacheza. Mimi nimeshika, amenipiga teke la kweli. Paka wa jirani kazaa kwenye kapu langu la nguo chafu. Ndizo habari njema, zimeisha.

Jicho jipya lilifika, Polepole akalifunga, akakaa nalo asubuhi nzima kwa boliti moja. Hatua kumi. Ikawaka. Kifurushi chako kilikuwa kizuri ila hakikuwa na jibu. Nimengoja jibu tangu siku hiyo, kila basi likifika naenda kusimama kituoni kama msichana aliyeahidiwa kuolewa. Dereva akiniona anaanza kutikisa kichwa kabla hajazima injini.

Mvua zimeanza wiki mbili zilizopita. Malori ya kokoto yanamwaga tope mteremko mzima. Mke wa baba yako mdogo amekwenda kliniki mara mbili kwa miguu na mwavuli, amerudi miguu imevimba kama mikate. Jana baba yako mdogo kaniambia, "Mama, gari liko uani limekaa kama kaburi, mke wangu anatembea. Taa ni taa tu." Ufunguo nimeufunga kwenye pindo la nguo yangu, naoga nao.

Taa ni taa tu. Kumbe maneno hayo nimeshawahi kuyasikia uani hapa hapa, kwa sauti nyingine.

Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Baada ya chakula cha mchana, nyumba ikitulia, nakwenda kukaa garini. Kiti cha pembeni, si cha dereva. Harufu yake imeisha, mnyoosha bodi aliosha kila kitu, lakini kiti cha dereva kimebonyea alivyokuwa akikaa, ameegemea dirishani. Naongea naye. Simwoni, usiniogope, akili ninazo. Ila kila mara najikuta nageuka kutazama pale kwenye dashibodi kama mtu atakayenijibu yuko mle. Juzi nikamwambia baba yako mdogo asogeze gari hadi getini nami nikiwemo. Ikawaka. Nikasema kimoyomoyo, haya mwanangu, nimekuona, unataka nini? Baba yako mdogo akaniuliza, "Mama unalia?" Nikamwambia ni tangawizi.

Mwaka mzima umelikimbia gari hili. Uliondoka kesho yake baada ya maziko, hata chai hukunywa, na mimi nikasema mwacheni, uchungu. Uchungu hauondoki na begi mapema vile.

Niandikie.

Bibi yako


20 Aprili

Mjukuu,

Sina salamu leo.

Jana nilikuwa naoga, safari hii nguo niliitundika nje. Baba yako mdogo akachukua ufunguo. Mke alikuwa amezimia jikoni, sitamsema vibaya, hata mimi labda ningefanya. Wameshuka mteremko, mvua inanyesha, akakanyaga breki kwenye kona ya machimbo na gari likaenda lenyewe. Gurudumu la mbele kushoto liliganda kabisa, anasema, yeye anazungusha usukani na gari halisikii. Kilichowasimamisha ni lundo la kokoto lililomwagwa na lori vibaya.

Wote wazima. Mimba nzima, daktari kaisikiliza. Mke analala kwangu, hataki kulala kwao.

 Baba yako mdogo amekaa uani anatazama mikono yake.

Sasa utanijibu, au nimwambie Polepole afungue?

Bibi


22 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Nimepokea barua asubuhi hii nikiwa chini ya gari la mtu, nikaisoma hukohuko chini, nimeshindwa kutoka.

Nakutumia barua niliyoandika mwezi uliopita. Iangalie tarehe. Imekaa mfukoni mwa ovaroli mwezi mzima, ndiyo maana ina oili. Ningeituma siku niliyoiandika, baba mdogo asingelichukua gari. Hilo nalo ni langu, ongeza juu ya lile jingine.


24 Machi

Bibi,

Uliniuliza kuna nini ndani ya gurudumu. Kuna beringi. Ni duara la chuma lenye gololi, gurudumu linazungukia humo. Beringi za gari lile upande mmoja zina utepe wa sumaku, hauonekani kuwa sumaku, unaonekana kama mpira mweusi tu. Ile sensa inautazama utepe ule. Lazima utepe uelekee ndani, lilipo jicho. Ukiifunga beringi kwa kuigeuza, gurudumu linazunguka vizuri, halipigi kelele, lakini jicho linatazama chuma kitupu. Halioni kitu.

Niliigeuza, Bibi.

Siku ile ulikuwa unaanika nguo, uliona. Baba aliitoa kwenye boksi, akaifuta, akaja nayo kwa mikono miwili, akainama, akasema, "Daktari, kifaa chako." Nikacheka. Nikaipokea kwa mikono miwili kama ulivyonifunza kupokea kitu kwa mzazi, na nikaitia kama alivyonipa. Sikuigeuza kuitazama. Gerejini siwezi kupokea beringi kwa mtu nikaitia bila kuigeuza mara mbili, hata kwa bosi. Kwake niliona kama ni kumkagua. Tukaishindilia kwa boliti ndefu, yeye anashika upande ule mimi huku, anaimba.

Alipolisogeza gari taa ikawaka. Akaniuliza, "Hii nayo?" Basi langu lilikuwa linaondoka saa nane. Nikamwambia ni taa tu, waya umelegea, nikija mwezi ujao nitautazama, endesha.

Endesha. Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia ana kwa ana.

Kwenye maziko sikujua bado. Nilihisi, lakini sikujua. Watu wananishika mkono wakisema huyu ndiye aliyekuwa daktari wa gari la baba yake, na mimi naiwaza ile taa. Ndiyo maana niliondoka. Niliporudi kazini bosi akanipa kazi ya beringi, akachukua pini ya karatasi, akaigusisha upande mmoja ikaanguka, akaigusisha upande wa pili ikanata. Akasema, "Kila siku pini kwanza." Nilimrudishia beringi mkononi. Tangu siku hiyo sijafunga beringi. Nawaambia mgongo unauma.

Sijui kama ndiyo iliyomuua. Tope lile lingeweza kumtelezesha hata mfumo ukiwa mzima. Najiambia hivyo, halafu nakumbuka kuwa mfumo ule umetengenezwa kwa ajili ya tope lile hasa.

Mwambie Fundi afungue. Mwambie na baba mdogo. Mimi sina uso wa kuja.


28 Aprili

Mke mwenzangu,

Marahaba. Barua zote mbili zimefika.

Mke wa baba yako mdogo ameanza kula tena. Paka wamefumbua macho.

Nimesoma. Nimesomea garini, nikakaa, nikashuka, nikafua nguo zilizokuwa safi.

Watu wengine wangekuandikia si kosa lako. Mimi sijui kupaka mafuta. Ni kosa lako. Uliifunga kinyume, na ulipoona taa ukamwambia endesha kwa sababu ulikuwa na basi la kuwahi. Halafu ukajua, ukanyamaza mwaka, ukanitumia panya na betri na kifurushi, na mimba ya watu ikateleza hadi kwenye kokoto. Nimekasirika hadi meno yananiuma, na nimebakiwa na machache. Haya nimekwambia. Hutayasikia tena kwangu.

Sasa sikiliza la kwangu, kwa sababu nami nina mwaka nimenyamaza.

Siku nne kabla hajafa, baba yako alilipeleka gari kwa Polepole. Mashine ikasema yaleyale, mbele kushoto. Polepole akamwambia, "Bwana, beringi ile imefungwa karibuni? Yawezekana iko kinyume. Niachie hadi mchana nifungue." Baba yako akakataa. Alikuja nyumbani anacheka, akaniambia, "Mama, huyu anataka kuigusa kazi ya binti yangu. Anakuja mwisho wa mwezi huu, ataifungua mwenyewe kwa mkono wake, na mimi nitajifanya sijui." Nami nikamwambia vizuri, mtoto asiaibishwe na fundi wa mtaani. Mimi nilisema hivyo. Mikono yangu ilikuwa kwenye beseni, nakumbuka hadi povu. Mvua ilikuwa mlangoni na nikamwambia vizuri.

Kwa hiyo alijua. Alishuka mteremko ule akijua, kwa mapenzi yake ya kijinga. Na mimi nilipomzuia Polepole asifungue mwezi uliopita, sikuwa nakutunzia siri yako. Nilikuwa natunza ya kwangu. Nilijua tukifungua, na mimi nitaonekana humo ndani.

Nilikuuliza kana kwamba sijui kitu. Nilitaka useme wewe kwanza. Mtu mzima kama mimi, nimejificha nyuma ya mtoto.

Sijui kama angepona, na wewe hujui, na Polepole na mashine yake hajui. Hilo litakaa nasi, litazeeka nasi, hakuna spana yake. Lakini beringi ina spana.

Gari liko juu ya mawe, nimewaambia wasiliguse. Baba yako mdogo nimemsomea barua yako yote, na ya kwangu. Aliondoka akaenda kutembea kwenye mvua, akarudi, akala.

Huna uso wa kuja, unasema. Nani kakuomba uso? Nimeomba mikono. Panda basi.

Bibi yako anayekupenda, tena kwa hasira


26 Mei

Mke mwenzangu,

Marahaba, na natumaini ulifika salama na mgongo wako sasa hauna sababu ya kuuma.

Mama yako mdogo miguu imepungua uvimbe. Daktari amesema wiki sita zimebaki. Kuku ametolewa kwenye buti na analalamika kwa kila anayepita.

Ulipokuwa hapa sikusema mengi kwa sababu nilikuwa nakutazama. Nilikuona ulivyoitoa ile beringi, ukakaa nayo mapajani muda mrefu, halafu pini ikanata upande wa nje, mbele yetu sote. Nilidhani baba yako mdogo ataondoka. Akabaki anashika jeki ambayo haikuwa na haja ya kushikwa. Na ile mpya uliigeuza mara ngapi? Nilihesabu saba nikaacha.

Halafu tukashuka mteremko, wewe usukani, mimi pembeni. Hatua kumi zikapita, dashibodi ikabaki nyeusi. Ulinitazama ukitaka nifurahi. Nilifurahi. Ila nitakwambia kweli, kwa vile sasa tunaambiana: nilitaka nikuombe uiwashe tena. Mwaka mzima nilikuwa na mahali pa kumtazama. Sasa nikikaa garini mchana ni viti tu na harufu ya mafuta. Ninakaa bado. Naongea na gari lisilonijibu, na pale taa ilipokuwa ninaona uso wangu kwenye kioo, umezeeka kuliko nilivyofikiri.

Kuhusu baba yako mdogo. Najua aliondoka asubuhi ile kabla hujamuaga. Jina lako bado halitaji. Nikilitaja mimi anainuka kwenda kutazama mvua hata kama kumekauka. Sitakudanganya kwamba yameisha. Lakini kila baada ya wiki mbili anamweka mkewe kwenye kiti kile, anamfunga mkanda, anashuka mteremko. Mtu hakabidhi tumbo la mkewe kwa gurudumu asiloliamini.

Na juzi karudi, akazima injini. Akaja jikoni, akasimama mlangoni, akasema akitazama sufuria badala ya mimi, "La mbele kulia limeanza kunguruma. Polepole anasema ni beringi, anaweza kuibadilisha." Nikaendelea kukoroga. Akasema, "Muulize yeye atakuja lini."

Nikamwambia nitakuuliza. Nikamwambia pia anipe ufunguo, akanipa bila ubishi. Safari hii hakuna anayekungoja huku anaendesha. Kliniki ya wiki ijayo Polepole atampeleka kwa gari lake, watafika wiki inayofuata lakini watafika.

Kwa hiyo nakuuliza. Utakuja lini?

Bibi yako